Sauti ya Hi-Res: Ulipie au Uache?

Ukiingia leo duka la simu Kismayo, Mombasa au Dubai, utaonyeshwa hedifoni zenye kibandiko kidogo cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa Hi-Res Audio. Muuzaji atakuambia kwamba ukizivaa utamsikia mwimbaji kama amekaa mbele yako. Ndugu yako aliyeko Uingereza naye atakupigia simu kukueleza kuwa amejiunga na huduma ya muziki wa ubora wa juu, na kukuhimiza nawe ujiunge. Jibu langu kwa msikilizaji wa kawaida, awe yuko Kudha, Chula, Kismayo, Lamu au London, ni kwamba usiongeze hata dola moja kwa ajili ya kibandiko hicho. Dola hiyo ina kazi nyingine itakayokufanya usikie vizuri zaidi.

Lakini ipo kazi moja ambayo ubora huo unahitajika kweli, nayo inatuhusu sisi watu wa visiwa vya Wabajuni na mwambao wa Kismayo kuliko wengi. Ni siku unapoitoa sauti kwenye kaseti ya zamani kuitia kwenye kompyuta, au unapomrikodi mzee anayeimba. Nitaanza na usikilizaji, kisha nije kwenye kaseti, na hapo ndipo ninapokuomba usome taratibu.

Namba zinazouzwa

Sauti ya kidijitali ina namba mbili za msingi. Ya kwanza ni mara ngapi kwa sekunde mashine inapima wimbi la sauti. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa ushirikiano wa Philips na Sony, hupima mara 44,100, yaani kilohezi 44.1. Ya pili ni undani wa kila kipimo, unaohesabiwa kwa biti, na CD ina biti 16. Kinachozidi hapo, kwa kawaida biti 24 na kilohezi 96 au 192, ndicho kinachouzwa kwa jina la Hi-Res.

Wengi hudhani vipimo vikiwa vingi sauti inakuwa laini zaidi, kama picha yenye nukta nyingi. Sivyo ilivyo. Harry Nyquist mwaka 1928, na baada yake Claude Shannon mwaka 1949, walionyesha kwa hesabu kwamba wimbi lenye kikomo cha masafa hurudi kamili, bila kupungua chochote, mradi ulipime zaidi ya mara mbili ya kikomo hicho kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya hufika kilohezi 20. Mara mbili yake ni 40, na CD imepita hapo. Faili la kilohezi 96 huongeza masafa ya hadi kilohezi 48, ambayo popo anayasikia na binadamu hayasikii. Tena sikio lenyewe halibaki pale lilipokuwa ujanani: watu wengi waliovuka miaka 50 hawapati tena kitu kikubwa juu ya kilohezi 12 au 14.

Biti nazo zina hesabu yake. Kila biti moja ni kama desibeli 6 za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 16 zinatoa desibeli 96. Chumba kimya usiku, jenereta imezimwa na watoto wamelala, bado kina mvumo wa kama desibeli 30. Ili uitumie nafasi yote ya biti 16 juu ya mvumo huo, ungelazimika kuupandisha muziki hadi desibeli 126, kiwango cha kuumiza masikio. Biti 24 zinapanua nafasi hiyo hadi desibeli 144 kwa hesabu ya karatasi. Hakuna sebule ya mtu yeyote yenye ukimya wa kuzitumia, na mashuani, injini ikinguruma nyuma yako, hata desibeli 40 huzipati.

Waliojaribu kwa masikio

Hesabu peke yake haimridhishi mpenzi wa muziki, na ni haki yake. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society majaribio waliyoyafanya Boston. Walichukua rekodi za ubora wa juu, wakazipitisha pia kwenye mashine inayozishusha hadi kiwango cha CD, kisha wakawaomba wasikilizaji waseme ipi ni ipi bila kuonyeshwa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, karibu sawa kabisa na kurusha sarafu.

Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 za namna hiyo na kuzichanganua pamoja. Aliona kwamba wasikilizaji walitambua tofauti kwa asilimia 52.3. Waliokuwa wamefunzwa kusikiliza walifika juu kidogo ya 60. Kwa hiyo sitakuambia kwamba tofauti haipo kabisa. Nakuambia kwamba kwa mtu aliyefunzwa, ndani ya chumba tulivu na vyombo vizuri, tofauti ipo ndogo sana. Kwa mtu anayesikiliza akichambua samaki, au amepanda gari kutoka Kismayo kwenda Goobweyn, haipo.

Bei ya faili

Uzito wa faili ndio unaoonekana haraka. Wimbo wa dakika 5 kwa MP3 ya kilobiti 128 una karibu MB 5. Kwa MP3 ya 320 una MB 12. Kwa CD bila kufinywa unafika MB 53. Kwa biti 24 na kilohezi 96 ni MB 173, na kwa 192 ni MB 346. FLAC, namna ya kufinya faili bila kupoteza chochote iliyotoka mwaka 2001, hupunguza mizigo hiyo kwa kiasi cha nusu au pungufu kidogo. Maana yake ni kwamba GB moja inachukua nyimbo 80 za MP3 ya 320, au nyimbo tano hivi za Hi-Res ya kilohezi 192. Somalia bando si ghali ukilinganisha na nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo intaneti ya Kismayo mjini si intaneti ya visiwani, na kadi ya memori inayojazwa nyimbo mjini ikapanda mashua ina mwisho wake.

Kwa kusikiliza tu, shika MP3 ya 256 au 320, au AAC ya 256, na utulie. MP3 ya 128 ni jambo jingine: humo masikio mengi, hata yasiyofunzwa, hushika kasoro kwenye matoazi, makofi na sauti za juu za zumari, ambazo hugeuka kama maji yanayochemka. Hiyo ndiyo tofauti ya kuipigania. Kutoka 128 kwenda 320 ni hatua unayoisikia. Kutoka CD kwenda Hi-Res ni hatua unayoilipia tu.

Sauti inapopotelea

Fuata njia ya wimbo kutoka kwenye faili hadi sikioni, utaona mahali unapoharibika, na mara nyingi si kwenye faili.

Kwanza ni spika ya simu yenyewe. Spika hiyo ndogo haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 hivi. Ngoma ya kirumbizi ina zumari juu na ngoma kubwa chini. Ukiisikiliza kwa spika ya simu, zumari litakuja, chapuo zitakuja, na lile vumi linalowafanya wachezaji wasimame na bakora zao litakuwa limetoweka. Hapo si suala la kilohezi 192. Umenyimwa nusu ya ngoma.

Pili ni Bluetooth. Mfumo wa kawaida uliomo katika kila chombo cha Bluetooth, uitwao SBC, hupitisha kama kilobiti 328 kwa sekunde. CD inahitaji 1,411 na Hi-Res inahitaji zaidi ya 4,000. Faili la Hi-Res likifika kwenye Bluetooth linakamuliwa upya hadi litoshe. Hata LDAC ya Sony, inayosifiwa kwa upana wake, hukomea 990. Apple yenyewe inawaeleza wateja wake kwamba hedifoni za Bluetooth haziwezi kupokea muziki wake usiopunguzwa bila kupoteza kitu, na kwamba kwa upimaji unaozidi kilohezi 48 unahitaji kifaa cha nje cha kugeuzia sauti. Kwa hiyo mtu anayelipia huduma ya Hi-Res na kusikiliza kwa hedifoni zisizo na waya analipia kitu kisichomfikia. Hedifoni hizo si mbaya, nyingine ni nzuri sana, ila kibandiko hicho hakifanyi kazi ndani yake.

Tatu ni mpira mdogo wa spika za masikioni. Hili watu hulipuuza, na mimi naliweka juu ya mengi. Mpira usipoziba tundu la sikio vizuri, besi yote inavuja. Katika pakiti huja saizi tatu, watu wengi huvaa ile iliyokuja imevishwa na kutupa nyingine. Jaribu zote. Sikio la kulia na la kushoto huenda yakahitaji saizi tofauti. Ukiipata inayoziba, ngoma kubwa itarudi, na hutakuwa umelipa kitu.

Kama una dola 20 za kutumia, nunua spika za masikioni za waya zinazosifiwa na wasikilizaji wengi, si zenye maandishi mengi kwenye boksi. Kama simu yako haina tundu la waya, utahitaji pia kiungio kidogo cha USB, nacho si cha bei kubwa. Kama unasikiliza nyumbani na familia, usinunue sabufa inayotikisa bati. Tafuta jozi ya spika za kawaida, ziweke kimo cha masikio, ziache mbali kidogo na ukuta, na tandika zulia au mkeka mzito sakafuni. Chumba chenye kuta za chokaa na sakafu ya simenti hurudisha mwangwi unaovuruga maneno ya mwimbaji, na kwa taarabu maneno ndiyo wimbo.

Jipime mwenyewe

Usiniamini mimi, jipime. Chukua faili moja la kweli la biti 24 na kilohezi 96. Kwa kompyuta, lifungue katika programu ya bure ya Audacity, ulihifadhi tena kwa biti 16 na kilohezi 44.1. Ni muhimu utengeneze nakala hiyo wewe mwenyewe kutoka kwenye faili lilelile. Ukilinganisha albamu ya Hi-Res na CD ya zamani ya albamu hiyohiyo, mara nyingi utakuwa unalinganisha kazi za mafundi wawili waliosawazisha sauti kwa nyakati tofauti, na tofauti utakayoisikia itakuwa ya mikono yao, si ya kilohezi.

Hakikisha yote mawili yanapigwa kwa sauti iliyo sawa, kwa sababu sikio hupendelea iliyo juu hata kwa kiasi kidogo sana. Mwombe mtu akupigie moja au jingine bila kukuonyesha, mara kumi, aandike majibu yako pembeni. Ukipata tano au sita, umebahatisha. Ukipata tisa, una sikio la nadra, na unayo sababu ya kulipa. Programu ya foobar2000 ina nyongeza inayofanya jaribio hili bila msaidizi, kwa wanaopenda kujifungia peke yao.

Kuna jambo jingine la kukagua. Mafaili mengi ya taarabu za zamani yanayozunguka yakiitwa FLAC au Hi-Res ni MP3 iliyovishwa nguo nyingine. Yafungue kwa Audacity na utazame picha ya masafa. MP3 ya 128 hukatika kama kisu karibu na kilohezi 16. Kaseti ya kawaida, hata iwe nzima, hufifia baada ya 12 au 15. Faili lenye jina la kilohezi 192 ambalo halina kitu juu ya 16 limekula nafasi yako bure.

Huduma za intaneti

Hapa sitakaa sana. Apple Music ilianza kutoa muziki usiopunguzwa na wa Hi-Res mwezi Juni 2021 bila kuongeza ada. Tidal na Qobuz zinao pia, na Spotify iliufungua muziki usiopunguzwa kwa wanaolipia Septemba 2025. Kwa hiyo ndugu aliyeko Ulaya huenda tayari anao bila kulipa ziada, na hakuna ubaya kuuwasha akiwa kwenye Wi-Fi na hedifoni za waya. Akiwa barabarani auzime, asimalize bando. Cha kuangalia zaidi ni kama huduma hiyo inazo nyimbo unazozitaka. Kwa Zein l'Abdin, Juma Bhalo, Maulidi Juma au Malika, mwimbaji wa taarabu mwenye asili ya Somalia, rekodi nyingi ziliishi kwenye kaseti za Mombasa, katika maduka kama Mbwana Radio Service, na sehemu kubwa haijawahi kufika kwenye huduma yoyote kwa hali nzuri. Hakuna ada ya mwezi itakayokupatia kitu ambacho hakijapandishwa.

Kaseti iliyo kabatini

Hapa ndipo maneno yangu yanapobadilika.

Watu walipokimbia vita Kismayo na visiwani mwaka 1991, kwa majahazi na mashua kwenda Lamu, Malindi na Mombasa, hawakubeba mengi. Kisha kati ya Agosti 2008 na mwisho wa Septemba 2012 Al-Shabaab waliishika Kismayo, na muziki ukapigwa marufuku katika maeneo yao. Kaseti nyingi za mwambao huu ziliharibika, zilifichwa, au zilisafiri na wenyewe. Kilichobaki cha nyimbo za harusi, za kuvuta mashua, za kirumbizi na za vugo za watu wetu kimo majumbani, kwenye mifuko ya plastiki chini ya vitanda, Kismayo, Mombasa, London, Marekani. Pengine kaseti uliyo nayo ni ya pekee duniani.

Wenzetu wa kaskazini wametuonyesha njia. Majeshi ya serikali ya Siad Barre yalipoishambulia Hargeysa mwaka 1988, wafanyakazi wa redio walizificha kanda zao, nyingine zikafukiwa ardhini na nyingine zikapelekwa Djibouti na Ethiopia. Miaka mingi baadaye kaseti zilizokusanywa na Redsea Cultural Foundation ya Hargeysa zilizaa albamu ya Sweet as Broken Dates, iliyotolewa na Ostinato Records mwaka 2017 na kuingia katika orodha ya walioteuliwa kwa tuzo ya Grammy ya albamu ya kihistoria. Kanda hizo zilikuwa na mikwaruzo na mvumo. Zilipata nafasi hiyo kwa sababu zilikuwepo, na kwa sababu waliozitoa sauti waliifanya kazi hiyo kwa uangalifu mara moja, ipasavyo.

Kwa kazi hii, tumia biti 24. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, linapendekeza biti 24 na kilohezi 48 kuwa kiwango cha chini cha kuhamishia kanda, na hifadhi nyingi hutumia 96. Sababu si kwamba kaseti ina ubora huo. Kaseti nzuri ina desibeli 50 au 60 tu za nafasi. Sababu ni kwamba biti 24 zinakupa nafasi ya kurikodi kwa sauti ya chini bila hofu, ili zumari likipanda ghafla sauti isipasuke, kisha uipandishe baadaye bila kuongeza uchafu. Tena kila usafishaji utakaofanywa miaka ijayo, kwa programu ambazo leo hazijatengenezwa, utategemea faili ulilotoa leo. Kaseti nayo haitangoji. Joto na hewa ya chumvi ya pwani havina huruma na ukanda.

Fanya hivi. Tafuta redio kaseti au deki yenye tundu la LINE OUT, na fundi aikague mkanda wa mpira na kasi yake. Safisha hedi kwa pamba na spiriti, uiache ikauke. Tazama ukanda kupitia dirisha la kaseti: ukiona unga mweupe ni kuvu, usiuchezeshe, mpelekee anayejua kuusafisha, kwa sababu utaichafua mashine na kaseti zitakazofuata. Ukiona sponji ndogo ya ndani imedondoka, ukanda unaweza kuhamishiwa kwenye ganda jingine la kaseti lenye skrubu. Kaseti iliyokaa miaka mingi ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe, ndipo uichezeshe.

Kisha jambo ambalo karibu kila mtu huliruka. Karibu na hedi kuna skrubu ndogo inayoamua pembe yake. Kaseti ilirikodiwa kwa mashine nyingine yenye pembe nyingine, na pembe zisipolingana, sauti za juu hufa, muziki ukasikika kama uko nyuma ya pazia. Kaseti ikicheza, igeuze skrubu hiyo polepole mno kwa bisibisi ndogo, huku ukisikiliza matoazi au herufi ya S katika maneno ya mwimbaji. Ikifika pale inapong'aa zaidi, simama. Kazi hiyo ya dakika moja inaleta tofauti kubwa kuliko kilohezi zote tulizozitaja, na lazima irudiwe kwa kila kaseti. Kitufe cha Dolby kiwashe tu kama kaseti imerikodiwa kwa Dolby.

Unganisha LINE OUT na kadi ya sauti ya nje ya USB, si tundu la maikrofoni la kompyuta. Weka vilele vya sauti viwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya ukomo. Rikodi kwa WAV, biti 24, kilohezi 48, upande mzima bila kukata. Kaseti ya dakika 90 itachukua GB moja na nusu hivi, na kadi ya GB 64 inabeba kama arobaini za namna hiyo. Usiondoe mvumo katika faili hilo la kwanza. Lihifadhi lilivyo, kisha tengeneza nakala nyingine ya MP3 ya 320 kwa kusikiliza na kupeana, na hiyo ndiyo uisafishe upendavyo.

Kosa linalofanyika kila siku, na linaniuma, ni kuiweka simu mbele ya redio, kubonyeza kitufe cha ujumbe wa sauti cha WhatsApp, na kuwatumia jamaa wimbo wote. Ujumbe huo umetengenezwa kubeba maneno ya mazungumzo kwa data kidogo kabisa. Ngoma yote inabanwa, chumba chote kinaingia, na baada ya miezi kaseti yenyewe imepotea na kilichobaki ni ujumbe huo. WhatsApp inaweza kubeba faili la hadi GB 2 bila kuligusa ukilituma kama Hati. Tumia njia hiyo.

Rikodi ya mzee anayeimba leo inafuata kanuni hizohizo. Kama una rikoda ndogo ya mkono, biti 24 na kilohezi 48. Kama una simu tu, pakua programu inayorikodi WAV na uzime kipengele kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe, maana hicho ndicho kinachofanya ngoma ivute pumzi kila mwimbaji anaponyamaza. Kaa mita moja au mbili kutoka kwa mwimbaji, na mbali zaidi na zumari. Upepo wa bahari ni adui mkubwa kuliko uhaba wa biti: ingia nyuma ya ukuta, au funika maikrofoni kwa kipande cha sponji. Rikodi dakika moja ya majaribio na uisikilize kwa hedifoni kabla ya kumchosha mzee.

Masikio yako

Shirika la Afya Duniani linatoa kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo salama kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Anayefanya kazi karibu na injini ya mashua au jenereta amekwisha kutumia sehemu kubwa ya saa hizo kabla hajagusa muziki, kisha hupandisha sauti ya hedifoni ili ishinde injini. Spika za masikioni zinazoziba vizuri, zile za mpira niliozitaja, humwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini. Ukitoka kwenye harusi na masikio yanalia hadi asubuhi, yapumzishe siku mbili tatu.

Ukishatoa kaseti, weka nakala tatu mahali tofauti, moja iwe nje ya mji mnaokaa, na kaseti yenyewe usiitupe. Ndani ya kila folda andika jina la mwimbaji, kisiwa au mtaa, mwaka hata wa kukadiria, nani alirikodi na shughuli ilikuwa ya nani. Kabla hujapandisha chochote YouTube au TikTok, waulize wenyewe. Rikodi nyingi za harusi zetu ni za wanawake waliokuwa wakiimba ndani, kati yao, kwa kuaminiana, na baadhi yao wako hai na wana simu. Wengine watakuambia weka. Wengine watakuambia iwe ya familia tu, na hapo faili libaki kwenye flashi ya familia, kwa biti 24, likiwa na jina la kila aliyetajwa.